Maneno Nyuma ya Saa ya Kaka

Nilipoolewa katika nyumba hii, wiki nzima ya kwanza nilikuwa nikitega sikio ukutani, nikiamini kuna wadudu wanaotafuna mbao za dari. Sikutaka kuuliza. Mke mgeni akianza kwa kuilalamikia nyumba ya watu ataonekana ana mdomo. Mama mkwe ndiye aliyenikuta asubuhi moja nimeegemeza shavu kwenye ukuta wa sebuleni, ufagio mkononi. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia hao si wadudu, hao ni wake wenzake, wako kumi na tisa, wanapendwa kuliko yeye na hakuna hata mmoja anayejua kuosha sufuria.

Wake wenza hao walikuwa saa. Baba mkwe alizipanga katika kabati la chuma lenye droo nyembamba, la aina ile ya kuwekea mafaili ofisini, kila moja imelala juu ya kipande chake cha flana. Zote zilikuwa za zamani, za kutiwa ufunguo, hakuna ya betri hata moja, na zote zilihusika kwa namna fulani na safari za anga za juu. Moja uso wake ulikuwa na saa ishirini na nne badala ya kumi na mbili. Alinieleza kwamba aliye ndani ya chombo kinachoizunguka dunia huona jua likichomoza na kuzama mara nyingi kwa siku moja, na asipokuwa na saa ya namna hiyo atapotelewa na siku zake. Nyingine ilikuwa na mkanda mrefu ajabu, kwa sababu ilitengenezwa ivaliwe juu ya mkono wa vazi nene la mwanaanga. Ilikuwapo moja yenye roketi ndogo nyekundu usoni. Na ilikuwapo moja isiyovalika kabisa, pana kama kifuniko cha chupa ya chai, ambayo alisema iling'olewa kwenye chombo cha kufanyia mazoezi. Mama mkwe alisema iling'olewa kwenye trekta. Wamebishana juu ya hilo trekta miaka yote, na mpaka leo sijui mkweli ni nani.

Kila asubuhi baada ya chai alizitia ufunguo moja baada ya nyingine, akihesabu mizunguko kwa kuguna. Kisha alifungua dirisha la chumba cha mbele, ambalo ndilo duka lake, linatazama barabarani, jirani na duka la kutoa fotokopi, akakaa nyuma ya meza yake yenye taa ya shingo ndefu na kusubiri wateja. Mtaani wanamwita Sekunde. Siku za nyuma alikuwa na haraka ya mkono ambayo watu wanaisimulia mpaka sasa. Hata mume wangu, akitaka kumchokoza baba yake, humwita Mzee Sekunde.

Mara moja alikuja mgeni kutoka nje, mkusanyaji mwenzake, aliyekuwa amesikia habari za droo zile. Alishinda kutwa nzima akipiga picha, akasema kuna majumba ya makumbusho ambayo hayana vitu kama hivyo. Baba mkwe alimwitikia kwa adabu, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alikaa, akafuta miwani, akaniambia, "Anadhani mimi nakusanya, mama. Mimi natafuta. Hizi zote unazoziona ni zile ambazo siyo yenyewe."

Nilikuwa nimeshaanza kumsomea wakati huo. Macho yake yaliingia ukungu mwaka ule niliojifungua. Jicho la kushoto lilikwenda lote, la kulia likawa linaona mwanga na vivuli. Mikono ilikuwa mizima kama ya kijana, lakini asingeweza tena kuisoma namba iliyopigwa kwenye chuma. Mume wangu hushinda kazini kwenye nyumba za watu akifunga nyaya za umeme. Mimi nipo nyumbani na mtoto. Basi nikawa nakaa pembeni ya meza ile, mtoto mgongoni au kwenye titi, naangalia ninachoambiwa niangalie, nasema ninachokiona. Na katika kukaa huko ndipo habari ya kaka yake ikanifikia, kipande leo, kipande mwezi ujao, kama mtu anayetoa vyombo ghalani bila kupenda watu waone.

Wazazi wao walikufa mapema. Kaka yake alimzidi miaka tisa, na ndiye aliyemlea, akamvisha, akamsomesha mpaka shule ikamshinda. Kaka huyo alikuwa na kichwa. Akapata kazi katika kituo kilichokuwa juu ya kilima nje ya mji, kituo cha kufuatilia vyombo vya anga, chenye dishi kubwa kuliko paa la nyumba hii. Kazi yake ilikuwa kukaa na vipokea sauti masikioni na saa mkononi. Chombo kikichomoza upande huu wa upeo anabonyeza kitufe, kikizama upande wa pili anabonyeza tena, anaandika dakika na sekunde. Watu wa kituo walipewa saa arobaini, za aina moja na zile walizovaa waliokuwa ndani ya vyombo vyenyewe: uso mweusi, vitufe viwili ubavuni, na namba ya kituo imepigwa upande wa ndani wa mfuniko wa nyuma, mahali ambapo huwezi kuiona mpaka uifungue.

Mdogo mtu alitafutiwa kazi ya kufagia. Alikuwa na miaka kumi na tisa na mikono isiyotulia. Mchana mmoja kaka yake aliiacha saa mezani akaenda kunawa. Baba mkwe akaona hiyo ndiyo nafasi yake ya kujua kilichomo ndani. Akaifungua kwa ncha ya kisu, akatazama vigurudumu vinavyozunguka, akaridhika, akaifunga. Alipokuwa anaifunga, uzi mmoja wa ufagio uliingia. Baada ya nusu saa chombo kikapita juu, watu wakiwa ndani yake, kaka akabonyeza na mshale haukwenda. Dakika saba za kazi zikapotea. Mkubwa wa kituo akamfokea mbele ya wote, na yeye alipogundua ilivyokuwa, akamgeukia mdogo wake mbele ya wote vilevile.

"Umenivua nguo mbele za watu," alimwambia. "Usikanyage kwangu mpaka nikuite."

Hakumwita. Baba mkwe alishuka mjini hana mbele wala nyuma, akapokewa na fundi saa mmoja mzee, akaanza kujifunza kazi ileile ambayo ujinga wake ulimfukuzisha. Mwaka haujatimia, gari la kituo likapinduka kwenye kona ya kushuka kilimani na kaka yake akiwamo. Wakazikana hawajapatana.

Ikapita miaka sita. Kituo kilikuwa kimefungwa, dishi limeng'olewa, watu wametawanyika. Siku moja akaingia dukani mtu aliyewahi kukaa meza moja na marehemu, aliyekuwa ng'ambo miaka yote hiyo. Akauliza, kama mtu anayeuliza jambo la kawaida, "Ile saa kaka yako aliyokuandikia uliipata?"

Baba mkwe hakuelewa. Yule bwana akamweleza kwamba miezi ile ya mwisho marehemu alikuwa akishinda na sindano. Wakisubiri chombo kichomoze, anaigeuza saa yake, anakwaruza maneno nyuma, kidogo leo, kidogo kesho. Alipoulizwa anaandika nini, akasema hiyo ni ya mdogo wake, siku akimpa atasoma mwenyewe. Na kuhusu namba, bwana yule alikuwa na uhakika: walitia saini siku moja, yeye akapewa thelathini, marehemu thelathini na moja.

Lakini saa ilikuwa imekwisha kwenda. Shemeji, mjane wa kaka, aligawa nguo na vitu vya mumewe siku zile za msiba bila kuangalia nani anachukua nini. Nani angemlaumu? Aliyeichukua alimuuzia mwingine, na huyo mwingine hakuna aliyemjua.

Basi ndivyo ilivyoanza. Kila saa iliyonukia kituo kile au anga za juu aliifuata, kwa sababu mwenye hii huenda anamjua mwenye ile. Alisafiri, aliandika barua, alikaa kwenye masoko ya vitu vilivyotumika mpaka wauzaji wakamzoea. Kila aliyoipata aliigeuza kwanza, akaangalia mgongo, kisha akaifungua na kuangalia namba. Siyo. Akaiweka kwenye droo. Yule bwana wa namba thelathini alipokuwa anakufa alimwachia na ya kwake. Miaka zaidi ya arobaini imepita hivyo. Niliwahi kumuuliza, ikiwa ni maneno mabaya je? Mtu aliyeandika bado ana hasira?

"Hata kama ameniandika mpumbavu," alisema, "nataka nisome."

Jumanne moja, mchana wa saa nane, alikuja muuguzi wa zahanati ya mtaa wa pili. Alikuwa amehamishiwa hapa mwaka huu, na tulikuwa tukimwona akipita na viatu vyake vyeupe. Alikuwa ameibana saa kifuani kwa pini, kama wafanyavyo wauguzi, kiwiliwili chake tu bila mkanda. Akaitoa, akaiweka mezani, akasema inachelewa dakika mbili kila siku na kioo kimechakaa, na kama kuna dawa ya kuing'arisha basi asiionee huruma, aing'arishe. Akatania kwamba wagonjwa wake wote wanahesabiwa mapigo na hiyo, wakionekana wamekufa kabla ya wakati kosa litakuwa la fundi.

Baba mkwe aliichukua. Akapitisha kidole ubavuni, akakuta vitufe viwili. Akabonyeza cha juu, akaipeleka sikioni. 

"Uso wake una rangi gani?" aliniuliza.

Nikamwambia mweusi.

Akamuuliza binti ameitoa wapi. Ilikuwa ya marehemu baba yake, aliinunua kwa mtu zamani sana, akaivaa mpaka alipokufa miaka miwili iliyopita. Baba mkwe akamwambia aje Alhamisi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila mkono uliobaki mezani ulikuwa umeshika ukingo kama mtu aliye ndani ya gari linalokwenda kasi.

Hakuifungua siku hiyo. Alisema mwanga wa jioni si wa kuamini. Kesho yake asubuhi alinyoa ndevu, akaomba shati safi. Mama mkwe akamtazama akipita, akauliza kama leo ndiyo ndoa ya mke wa ishirini, na kama kuna pilikapilika aambiwe mapema ajiandae kususa. Hakujibiwa. Hapo akajua kuna jambo, akafuta mikono akatufuata.

Kwanza baba mkwe aliigeuza, akapitisha gumba nyuma. Taratibu, tena na tena. Palikuwa laini kama upande wa ndani wa kijiko.

"Imesuguliwa," akasema.

Nikamwambia labda basi siyo yenyewe, ziko nyingine thelathini na kitu. Akatikisa kichwa. Akasema maneno ya sindano ni membamba lakini yanaweza kuwa yamezama, na kama aliyesugua alikuwa mvivu, chini kutakuwa kumebaki kitu. Akachukua ufunguo wake wa kufungulia mifuniko, akauzungusha kwa kuhisi tu, mfuniko ukaachia. Akaniwekea kiganjani umelala chali.

Nikausogeza kwenye taa, nikasoma namba. Thelathini na moja.

Aliniambia nisome tena. Nikasoma. Akaniambia niisome tarakimu moja moja. Tatu. Moja. Mama mkwe, ambaye sijawahi kumwona akimgusa mumewe mbele za watu, aliweka mkono begani kwake akauacha hapo.  Mtoto alikuwa mgongoni kwangu anavuta nywele zangu, nami sikuhisi.

"Soma vyote vilivyomo," akasema baba mkwe.

Mafundi wa saa wana desturi. Aliyeushughulikia mfuniko hukwaruza alama yake upande wa ndani, ndogo, na mwezi na mwaka, ili saa ikirudi na malalamiko ijulikane ilipita mikononi mwa nani. Nilikuwa nimeshazisoma nyingi. Herufi, nyota, kimoja kama samaki. Kwenye huu palikuwa na alama moja tu, pembeni ya namba: vijiti vitatu vimesimama, kimoja kimevikata katikati. Nilifurahi nilipoiona. Nilidhani tumepata pa kuanzia, mtu wa kwenda kumuuliza.

"Baba, aliyeisugua ameweka alama yake," nikamwambia. "Vijiti vitatu na kimoja kimelala katikati. Huenda yupo hai bado."

"Mwaka gani?"

Nikamsomea mwezi na mwaka. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja tangu kaka yake azikwe.

Alinyosha kidole akaipapasa ile alama kiganjani mwangu. Kisha akasema, "Yupo."

Mimi bado sikuelewa. Mama mkwe alielewa kabla yangu, kwa sababu niliona mkono wake ukikaza pale begani. Baba mkwe akafungua droo ya chini ya meza, akapapasa, akatoa mfuniko wa zamani wa saa yake mwenyewe ya ujana, akanipa. Akasema nilinganishe. Nikaviweka viwili hivyo sambamba kwenye kiganja. Vijiti vitatu na kimoja kimelala katikati. Hata namna ya kijiti cha mwisho kuinama ilikuwa ileile.

Alitueleza bila kuinua uso. Kwa yule fundi mzee yeye ndiye aliyekuwa kwenye gurudumu la kusugulia. Mzee anafungua saa, anatupa mifuniko kwenye bati, yeye anaokota kumi kumi, anaipaka dawa na kuilaza uso chini kwenye kitambaa kinachozunguka. Mfuniko mmoja haukumchukua muda, ndiyo maana wenzake wakampa jina la Sekunde. Saa za kituo zilikuwa zikiletwa kila wiki, zote zinafanana, na namba ya kaka yake alikuwa haijui bado. Hakuna aliyemwambia kuna maneno. Alikuwa hatafuti kitu.

"Hatukuwa tunasoma, mama," aliniambia. "Tulikuwa tunasugua. Mteja akiona mkwaruzo anasema hujafanya kazi." Baadaye kidogo akasema, "Nimeishika mkononi na siikumbuki. Hata siku yenyewe siikumbuki."

Kutwa nzima ya Jumatano tulihangaika na kile kipande cha chuma. Tuliuegemeza mfuniko dirishani mwanga uupige kwa ubavu. Tukaupulizia pumzi, kwa sababu alisema mahali palipokwaruzwa mvuke hukauka tofauti. Nikaweka juu yake karatasi nyembamba ya ndani ya pakiti ya majani ya chai, nikapitisha penseli imelala kama tulivyokuwa tukifanya na sarafu shuleni. Karatasi ikatoka nyeusi, sawasawa, haina hata unywele. Alikuwa na mkono mzuri sana ujanani. Hakuacha kitu.

Saa kumi hivi akaniambia, "Macho yako bado mabichi. Angalia mara ya mwisho. Hata herufi moja."

Nikachukua lenzi yake, nikaifinya kwenye jicho, nikauinamia mfuniko. Nikatazama mpaka machozi yakanitoka kwa kukodoa. Nilichokiona ni jicho langu mwenyewe, kubwa, linanitazama. Yeye alikuwa amenigeuzia uso, mdomo wazi kidogo, anasubiri. Nitasema ukweli: neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. *Njoo.* Neno moja tu, kaka yake alisema usije mpaka nikuite. Ningesema naona n na j na o, nusu nusu, hapa pembeni. Nani angenipinga? Lakini miaka miwili nilikuwa namsomea namba na sikuwahi kumsomea ambacho hakipo, na ndiyo maana alinigeuzia uso namna ile. Tena angeniuliza herufi zimelalia upande gani, kaka yake alikuwa anaandika vipi, nami ningejibu nini?

"Sioni kitu, baba."

"Asante, mama," akasema, kama anavyosema nikimletea maji.

Hakula. Mama mkwe alimwekea sahani mbele, akairudisha jikoni ilivyo, na safari hii hakuwa na utani wowote. Alisimama mlangoni muda mrefu akikausha sahani ambayo ilikuwa imeshakauka. Mwishowe akasema, kwa sauti ya kujisemea, kwamba huyo mwenye saa aliishika kabla haijasuguliwa. Aliivaa. Maneno yalikuwa nyuma, wazi, kama yeye hakuyaona nani aliyaona? Amekufa, ndiyo, lakini ana binti, na baba huwasimulia watoto wake.

Baba mkwe akainua kichwa. Muda huohuo akaomba chai.

Saa aliitengeneza. Nilidhani ataomba auziwe, au ataificha, lakini alisema ni mali ya mteja na imeletwa kutengenezwa. Alhamisi asubuhi aliifungua yote, akaiosha, akaipaka mafuta, vidole vyake vikienda vyenyewe, mimi nikimwambia tu skrubu imedondokea wapi. Alama mpya hakuweka. Kioo alibadilisha. Mgongo hakuugusa.

Muuguzi alikuja baada ya zamu. Akaishika, akaiona inavyokwenda, uso wake ukachangamka. Akasema baba yake angefurahi. Akasema baba yake alikuwa akimsifu fundi mmoja tu maishani.

"Alisema aliinunua imechorwachorwa nyuma kama imechezewa na kuku," alisema, "akaipeleka kwa huyo fundi, ikarudi unajiona sura. Mpaka anakufa alikuwa anasema hajaona mkono kama ule."

Mama mkwe, aliyekuwa amesimama nyuma ya pazia, alisonya taratibu, si kwa hasira.

Baba mkwe akauliza, "Hiyo michoro, alisema ni mikwaruzo tu au ni maandishi?"

"Maandishi. Mistari mitatu, alisema. Imejaa mfuniko wote."

Nilimwona akilamba midomo. Mistari mitatu. Hata idadi ya mistari alikuwa haijui miaka yote hiyo.

"Na hakukwambia yaliandikwa nini?"

Muuguzi akacheka kidogo, kicheko cha upendo, cha mtu anayemkumbuka mzazi wake. "Angeniambiaje, mzee? Baba hakujua kusoma. Alitambua namba tu. Ndiyo sababu alitaka yafutwe. Alikuwa anasema anaogopa asije akatembea na matusi ya watu mkononi bila kujua."

Baba mkwe akaitikia kwa kichwa. Akaendelea kuitikia, kama aliyesahau kuacha. Muuguzi akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwani vipi, kuna tatizo? Akaambiwa hapana, binti, fundi alitaka kujua tu. Basi akaibana kifuani, akajishika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo yake mwenyewe kwa kuijaribu, akasema iko sawa kabisa. Akaaga. Nikamnong'oneza baba mkwe kwamba bado yuko karibu, nimkimbilie nimwombe atuachie? Akasema nisimsumbue mtu, yeye alikuwa anaitaka aisome.

Sasa ni mwezi wa nne tangu siku ile. Dirisha la mbele nalifungua mimi, na wateja wakija nawaambia fundi hajisikii vizuri. Lakini hana homa, hana maumivu. Anakaa tu kwenye kiti chake. Kabati lile mume wangu amelisogeza pembeni kupisha kitanda cha mtoto, na baba yake hakuuliza limepelekwa wapi. Mama mkwe anamkata kucha, anamsemesha habari za majirani, anamkumbusha hata lile trekta ili wagombane. Hagombani.

Wiki iliyopita nilikuwa namnyonyesha mtoto pembeni yake, akaniuliza ghafla.

"Mistari mitatu, mama. Tusi haliwezi kuchukua mistari mitatu. Au unasemaje?"

Nikamwambia haliwezi, baba. Tusi ni neno moja, mawili yakizidi.

Mikono yake ilikuwa imelala mapajani.

"Hata msamaha ni neno moja," akasema.